Namba Kubwa, Sikio Lilelile

Kila Desemba, Wachaga wanapopanda kutoka Dar es Salaam kuja kula Krismasi nyumbani, mabishano ya sauti hupanda nao. Shemeji ana redio mpya kwenye gari. Binamu ana simu yenye nembo ya dhahabu iliyoandikwa Hi-Res Audio. Mwingine amejiunga na huduma ya muziki mtandaoni inayomwahidi wimbo kama ulivyosikika studio, na haoni haya kuwaambia wenzake kwamba wao wanasikiliza makapi. Iwe Kibosho, Marangu au Rombo, hoja huishia kwenye namba: biti 24 dhidi ya 16, kilohezi 192 dhidi ya 44.1. Januari magari yanashuka, na waliobaki mlimani wanabaki na swali la fedha: je, na sisi tulipie?

Wengi wetu, hapana. Najua kuna watakaokasirika, hasa waliokwisha kulipa. Lakini tufuatane taratibu, maana katika jambo hili kuna ukweli, kuna chumvi, na kuna uongo mtupu, na vyote vitatu huchapwa kwenye boksi moja kwa wino uleule.

Ukweli kwanza. CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, hupima wimbi la sauti mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16. Kasi hiyo inatosha kubeba mitetemo hadi takriban hezi 22,000. Sikio la kijana mwenye afya husikia hadi kama 20,000. Ukishavuka miaka arobaini, shukuru ukiisikia 15,000. Biti 16 nazo hutoa nafasi ya desibeli 96 kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa. Sebule iliyotulia ya Rau au Soweto hapa Moshi, ukijumlisha friji, mbwa wa jirani na bodaboda wa mbali, tayari ina desibeli 30 na ushei. Ukitaka kuzitumia zote 96 juu ya hizo, itabidi ufungulie muziki hadi masikio yaume. Biti 24 hutoa nafasi ya desibeli 144, na hakuna kifaa cha nyumbani kinachozifikia.

Kwa hiyo namba hizo si za uongo. Ni vipimo halali. Ubaya huanza zinapouzwa kama ladha, na hili mtu wa Moshi alipaswa kulielewa upesi kuliko wengine. Kahawa yetu ikishakobolewa hupitishwa kwenye machekeche na kupewa daraja: AA, A, B, PB na mengineyo. AA maana yake punje kubwa, basi. Kama mkulima aliiacha ichache kupita kiasi baada ya kuimenya, itatoka AA na bado mwonjaji ataikunjia uso. Ndiyo sababu Bodi ya Kahawa, hapahapa mjini, inaajiri waonjaji: chekeche halijui ladha. Biti na kilohezi ni chekeche.

Kisa kinachofundisha zaidi kuhusu chumvi ni cha MQA, yaani Master Quality Authenticated. Teknolojia hiyo ilitangazwa Desemba 2014 na Bob Stuart wa kampuni ya Meridian ya Uingereza. Ahadi zake zilikuwa mbili. Ya kwanza, kwamba sauti ya ubora wa studio ingekunjwa ndani ya faili dogo na kukunjuliwa nyumbani kwako. Ya pili, kwamba taa ndogo kwenye kifaa chako ingewaka kuthibitisha kuwa unachosikia ndicho kilichoidhinishwa studio. Januari 2017 huduma ya Tidal, ileile iliyoingia Uganda kwa kushirikiana na MTN, ikaifanya MQA kuwa daraja lake la juu na kuliita Masters. Wahandisi walioichambua walilalamika mapema kwamba mkunjo huo unatupa sehemu ya taarifa, kwa hiyo si sauti isiyopunguzwa. Wengine wakauliza swali ambalo hata mtoto angeuliza: nyimbo zinageuzwa kwa maelfu na mitambo ya makampuni ya rekodi, ni nani hasa aliyeketi kuidhinisha kila mmoja?

Mwaka 2021 mchambuzi wa vifaa vya sauti anayejulikana kwa jina la GoldenSound alipenyeza faili zake za majaribio kwenye Tidal kupitia msambazaji wa kawaida wa muziki, kisha akalinganisha kilichoingia na kilichotoka. Havikulingana. MQA walijibu kwamba milio ile ya majaribio haikuwa muziki wa kawaida na mfumo wao haukuundwa kwa ajili hiyo. Jibu hilo lina uzito kidogo, lakini halikujibu kwa nini neno la kuthibitisha uasili liliwekwa kwenye jina. Aprili 2023 kampuni iliingia kwenye usimamizi wa ufilisi, Septemba ikanunuliwa na Lenbrook ya Kanada, na Julai 2024 Tidal ikaiacha MQA na kuhamia FLAC, mfumo wa bure ambao mtu yeyote anaweza kuukagua. Walionunua vifaa vya MQA wamebaki na taa.

Kisa cha pili hakihusu mtandao, ila kinagusa palepale. Kampuni ya Marekani ya Mobile Fidelity iliuza santuri za bei kubwa kwa wapenzi wa sauti walioamini kuwa zilikatwa kutoka kanda asilia bila kupita kwenye dijitali. Mwaka 2022 ilipotangaza kutoa nakala 40,000 za Thriller ya Michael Jackson, watu wakajiuliza kanda moja asilia ingewezaje kuchezwa mara nyingi kiasi hicho bila kuchakaa. Mwenye duka la santuri wa Phoenix, Mike Esposito, akaenda kuwahoji wahandisi wa kampuni, nao wakakiri kuwa kulikuwa na hatua ya dijitali katikati, tena kwa miaka mingi. Kesi ikafuata, na fidia ikakubaliwa ya dola milioni 25. Kinachonifurahisha mimi (na nakiri ni furaha ya kisirani) ni kwamba miaka yote hiyo walikuwapo mabingwa wa masikio walioapa kwamba wanaisikia dijitali hata ikiwa chumba cha pili, na santuri hizohizo walizisifu kwa kukosa dijitali.

Waliojaribu kupima jambo hili bila kumwambia msikilizaji kinachochezwa wamekuta tofauti ndogo mno. Mwaka 2007 E. Brad Meyer na David Moran wa Boston walichapisha majaribio ambamo sauti ya ubora wa juu ilipitishwa kwa siri kwenye kipimo cha CD. Katika majaribio 554, wasikilizaji walipatia mara 276, yaani sawa na kurusha shilingi. Kwa haki ya upande wa pili, Joshua Reiss wa chuo kikuu cha Queen Mary, London, mwaka 2016 alikusanya tafiti 18 zenye majaribio zaidi ya 12,000 na kupata kwamba watu hupatia asilimia 52.3, na waliofunzwa vizuri hufika karibu 60. Kwa hiyo huenda kipo kitu. Lakini kama mtu aliyefunzwa, chumba kimetulia na vifaa ni vya gharama, bado anakosea mara nne kwa kumi, wewe uliye kwenye Noah ya Himo huna la kupoteza.

Sasa tushuke kwenye simu yako. Unapolipia daraja la juu, namba ile kubwa ni ya faili lililoko kwenye kompyuta za kampuni, nalo bado lina safari. Simu nyingi za Android huchanganya sauti zote na kuzigeuza kuwa kilohezi 48 kabla ya kuzitoa, hata programu iandike 192. Ukiunganisha kwa Bluetooth, sauti hubanwa upya. Mfumo wa kawaida wa SBC hubeba kama kilobiti 328 kwa sekunde, AAC ya iPhone kama 256, na hata LDAC ya Sony, inayosifiwa kuliko yote, hufika 990 na kushuka yenyewe mawasiliano yakiyumba. CD pekee inahitaji 1,411 kabla ya kubanwa. Apple walikuwa wawazi walipozindua sauti isiyopunguzwa mwaka 2021: waliandika kwamba AirPods haziipokei kwa Bluetooth, na kwamba daraja la juu kabisa linahitaji kifaa cha nje cha kugeuza sauti. Waliandika, ila ni wangapi husoma maandishi madogo?

Kichekesho ni kwamba ipo pia nembo ya Hi-Res Audio Wireless, na mojawapo ya mifumo inayoipata ni hiyohiyo LDAC, inayopunguza sauti. Nembo ya kawaida, inayosimamiwa na Jumuiya ya Sauti ya Japani, inadai kifaa kifikie kilohezi 40. Popo wa mapango ya Kilimanjaro wangefaidi. Ukiona kibandiko hicho kwenye vispika vya masikioni vya bei ya kutupa pale Double Road, usikichukulie kuwa ni cheti cha sauti nzuri.

Halafu kuna bando, na hapa ndipo wengi huumia kimyakimya. Kwa hesabu za Apple wenyewe, wimbo wa dakika tatu hula megabaiti 6 kwa ubora wa kawaida mzuri, 36 kwa sauti isiyopunguzwa, na 145 kwa daraja la juu kabisa. Piga hesabu ya saa mbili kwa siku kwa mwezi mmoja: ni kama gigabaiti 7, 43 na 174. Mtu wa Uru anayesikiliza kwa bando la simu kwa daraja la juu anailipa kampuni ya simu mara nyingi zaidi ya anavyoilipa huduma ya muziki, ili apate kitu ambacho Bluetooth itakikata kabla hakijafika sikioni. Spotify, waliotangaza sauti isiyopunguzwa Februari 2021 na kuanza kuitoa Septemba 2025, hawakwenda zaidi ya kilohezi 44.1, kasi ileile ya CD. Nadhani walijua.

Tukiachana na makampuni makubwa, uongo mtupu tunao hapa nyumbani, na huo hauhitaji maabara. Nenda kwenye vibanda vya kuweka nyimbo kwenye flashi au memori kadi, karibu na stendi au Mbuyuni. Bango linasema HD, 320, orijino. Faili nyingi zimevutwa kutoka YouTube, ambako sauti huwa kama kilobiti 128 hadi 160, kisha zikageuzwa kuwa mp3 ya 320. Faili limenenepa, sauti haikuongezeka hata nukta moja, kwa sababu kilichotupwa mara ya kwanza hakirudi. Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kuligeuza kuwa FLAC au WAV na kuuza kwa bei ya juu. Kama una kompyuta, programu ya bure iitwayo Spek itakuumbulia hilo kwa sekunde chache: inachora picha ya sauti, na mp3 iliyowahi kuwa ya 128 kwa kawaida hukatika wima karibu na kilohezi 16, hata kama leo inaitwa 320. Vilevile faili la kilohezi 96 ambalo juu ya 22 ni giza tupu, kuna uwezekano mkubwa lilikuwa CD iliyovalishwa koti.

Sabufa nazo zina ugonjwa wao. Boksi linaandika wati 8,000 PMPO wakati nyuma ya kifaa imeandikwa kwamba kinavuta wati 60 za umeme. Hakuna kifaa kinachoweza kudumu kutoa nguvu kuliko kinayopewa. PMPO haina kanuni yoyote inayoilinda. Kila kiwanda hujiandikia. Marekani iliwabana wauzaji wa amplifaya tangu mwaka 1974 kwa kanuni inayowalazimisha kutangaza nguvu ya kudumu iliyopimwa kwa utaratibu maalumu. Wewe ukiwa dukani, puuza namba ya mbele, geuza kifaa, soma ya nyuma, tena tafuta neno RMS, yaani nguvu hiyo ya kudumu. Muuzaji akikwambia, "Kaka, hii ni ya Ujerumani," mwombe apunguze sauti. Muziki ukichezwa kwa sauti kubwa kidogo kuliko mwingine huonekana bora, hata tofauti ikiwa desibeli moja tu, na wauzaji wanaijua mbinu hiyo tangu enzi za redio kaseti.

Kama una fedha ya kutumia kwenye sauti mwaka huu, itumie mwisho wa safari, si mwanzo. Hedifoni nzuri ya waya kwenye simu yenye tundu lake, au kwa kiunganishi cha USB, itakupa mabadiliko utakayoyasikia bila kuambiwa. Hata kubadilisha vipira vya vispika vya masikioni ili vizibe vizuri hurudisha besi yote uliyodhani imekosekana kwenye faili. Sabufa iliyosukumwa kwenye kona huvimbisha besi na kuzika sauti za waimbaji; isogeze mbele, hata hatua moja. Sakafu ya saruji isiyo na kitu na madirisha yasiyo na pazia huipa sauti mwangwi mkali, na zulia lina faida kuliko biti nane za nyongeza. Kuhusu mvua ya masika juu ya bati la Machame, hilo sina dawa yake. Funga muziki, sikiliza mvua.

Na jambo kubwa kuliko hayo yote ni masta yenyewe, yaani jinsi wimbo ulivyomiksiwa na kukamilishwa. Nyimbo nyingi za sasa husukumwa hadi ukingoni ili zisikike kwa nguvu redioni na kwenye bajaji. Zimebanwa hadi mpiga ngoma na mwimbaji wamelingana kimo. Zitie kwenye biti 24, zitabaki zimebanwa. Upande wa pili, rekodi za Radio Tanzania Dar es Salaam za miaka ya 1970 na 1980 zilipigwa studio kwa pamoja, maikrofoni chache, kanda ya sumaku. Kanda hizo zina mvumo wake unaomeza biti za chini kabisa, kwa hiyo hazijazi hata nafasi ya CD. Lakini magitaa yanavyojibizana, na pumzi kabla ya ubeti, vyote vimo. Ukiletewa Mlimani Park au Mbaraka Mwinshehe wenye kibandiko cha ubora wa juu, usiulize kilohezi. Uliza walitoa wapi: kanda ya redio, au kaseti ya mtu iliyonakiliwa mara tatu?

Hapo ndipo namba kubwa zina kazi halali, na ndipo ningependa watu wa mlimani waelekeze juhudi. Moshi imekuwa mji wa kurekodi tangu zamani. Studio ya Sauti ya Injili iliandaa hapa vipindi vya Kiswahili ambavyo kanda zake zilisafirishwa hadi Addis Ababa kurushwa na Radio Voice of the Gospel, iliyofanya kazi kuanzia 1963 hadi serikali ya Ethiopia ilipoitwaa mwaka 1977. Katika sharika na parokia nyingi kuna kaseti za kwaya na za matarumbeta, zimelala kwenye makabati yenye unyevu, na ukungu unazila. Hizo zinastahili biti 24. Chama cha kimataifa cha nyaraka za sauti, IASA, kinapendekeza biti 24 na kilohezi 48 kwa uchache, 96 ikiwezekana, kwa sababu nakala ya hifadhi huja kusafishwa na kurekebishwa baadaye, na kila marekebisho yanahitaji nafasi ya ziada. Mwenye kazi hiyo atafute deki nzuri, asafishe vichwa vyake kwa spiriti, anakili kwenda WAV bila kuondoa mvumo, aweke nakala mbili sehemu mbili tofauti. Usafi ufanywe kwenye nakala, kamwe si kwenye ile ya hifadhi.

Kwaya inayorekodi leo nayo isikubali kukabidhiwa mp3 kwenye WhatsApp. Mdai prodyuza WAV ya biti 24 kama ilivyotoka kwenye kumiksi, pamoja na masta, na hilo mlifanye sharti kabla ya kulipa malipo ya mwisho. Mnapopeleka wimbo Boomplay, Spotify au Apple Music, masta hiyo ya WAV ndiyo inayopelekwa. Kikundi kikipoteza WAV na kubaki na mp3, hakuna huduma ya mtandaoni, hata ya bei gani, itakayowarudishia waimbaji wenu wa sauti ya kwanza.

Bado hujashawishika? Jipime. Chukua wimbo mmoja unaoujua vizuri ukiwa FLAC halali, utengeneze mwenyewe mp3 ya 320 kutoka kwenye faili hilohilo. Maana ukilinganisha huduma mbili tofauti, pengine utakuwa unalinganisha masta mbili. Weka sauti sawa. Mwambie mke, mume au mdogo wako acheze moja au nyingine bila kukuonyesha, mara 16, na aandike pembeni. Kwenye kompyuta, foobar2000 ina nyongeza ya bure inayoifanya kazi hiyo bila mtu. Ukipatia 12 au zaidi, una sikio zuri, maana kwa kubahatisha jambo hilo hutokea chini ya mara 4 katika 100; lipia ukipenda. Ukipatia 8, umeokoa fedha.

Aliyeuziwa kwa maneno ya uongo asikae kimya. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko. Tunza risiti na piga picha boksi pamoja na maandishi ya nyuma. Na leo hii, kabla hujaweka bando jingine, fungua mipangilio ya programu yako ya muziki: kwenye data ya simu chagua ubora wa kawaida, ule wa 256 au 320, na sauti isiyopunguzwa iache kwa Wi-Fi peke yake.